Shehena Iliyotupwa Baharini

Ndugu msomaji, hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Chombo kiko katikati ya bahari, usiku, na tufani imekishukia. Maji yamejaa ngamani, mabaharia wameyateka mpaka mikono imekufa ganzi, na nahodha anaona wazi kwamba kwa uzito ule hawatafika. Anaamuru shehena itupwe. Iliyo karibu ni mizigo ya mtu mmoja, basi inatupwa hiyo. Chombo kinapata wepesi, kinainuka, na alfajiri kinaingia bandarini. Roho zote zimesalimika, na mali ya matajiri kumi imesalimika. Mali ya mtu mmoja tu iko chini ya maji.

Je, mtu huyo aambiwe nini? Aambiwe kwamba ndivyo alivyoandikiwa, kisha kila mmoja ashike njia yake na mzigo wake? Au wale kumi wana deni kwake?

Swali hili si geni kwa watu waliozaliwa kando ya maji. Lakini liliulizwa na kujibiwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, katika bahari iliyo mbali na yetu, na watu ambao wengi wao walikuwa wakiabudu masanamu. Jibu lao lilikuwa la haki. Watu hao hao, katika jambo jingine la biashara ya bahari, walijifungulia mlango wa hiana. Tukiyaangalia mambo haya mawili pamoja tutapata faida, kwani hekima ya aliyetangulia ni taa kwa anayefuata, na kosa lake ni onyo.

Bahari na watu wake

Bahari ya Kati, ambayo Waarabu wa zamani waliiita Bahari ya Rumi, imezungukwa na mabara matatu: Ulaya upande wa kaskazini, Afrika upande wa kusini, na Asia upande wa mashariki. Haina kaskazi na kusi kama bahari yetu, lakini nayo ina majira yake. Wakati wa joto upepo wa kaskazini huvuma kwa siku nyingi upande wa mashariki, na wakati wa baridi hali huchafuka, mawingu yakazificha nyota na milima ambayo manahodha waliitegemea kujua walipo. Vegetius, mwandishi wa Kirumi, ameeleza kwamba safari za salama zilikuwa tangu tarehe 27 Mei mpaka 14 Septemba, na kwamba bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa tangu tarehe 11 Novemba mpaka 10 Machi. Kwa hiyo tajiri alikuwa na miezi michache tu ya kununua, kupakia, kufika, kuuza na kurudi.

Wa mwanzo kusifika kwa biashara katika bahari hiyo walikuwa Wafoinike wa miji ya Sur na Saida, katika nchi iitwayo leo Lebanon. Hao ndio walioujenga mji wa Carthage katika pwani ya Tunisia. Baada yao, na pamoja nao, wakaja Wayunani, kisha Warumi wakaitawala bahari yote.

Mji wa Athens wa Wayunani ulikuwa na ardhi nyembamba na watu wengi, na haukuweza kujilisha. Demosthenes, msemaji mashuhuri wa mji huo, alisema katika hotuba yake ya miaka ya 350 kabla ya Miladi kwamba ngano iliyotoka ufalme wa Bosporus, katika Bahari Nyeusi, ilikuwa kiasi cha vipimo 400,000 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya lita milioni 20. Ngano hiyo ililazimika kupita katika milango myembamba ya bahari, ile iliyo karibu na Istanbul ya leo, na adui aliyeikalia milango hiyo alikuwa ameishika Athens koo.

Ndiyo sababu mji huo ulijenga merikebu nyingi za vita. Merikebu moja ilikuwa na wapiga makasia 170, waliopangwa kwa safu tatu, moja juu ya nyingine. Wengi wao walikuwa raia maskini na wageni wa kulipwa, na mara nyingine watumwa. Ndani mlibanana hata hapakuwa na mahali pa kupikia wala pa kulala. Ilibidi wateremke pwani ili wale na wapumzike. Mwaka wa 405 kabla ya Miladi watu wa Sparta waliwashambulia wenzao wa Athens hali merikebu ziko ufuoni na mabaharia wametawanyika kutafuta chakula, wakaziteka karibu zote. Walinzi wa ngano wakawa hawapo tena. Mwaka uliofuata Athens, iliyokuwa ikijivunia nguvu zake baharini, ilisalimu amri kwa njaa.

Chombo cha mabaharia wanne

Vyombo vya biashara vilikuwa namna nyingine kabisa: vipana, vizito, vyenye tanga na watu wachache. Kimoja kimepatikana. Mwaka wa 1965 mzamiaji mmoja wa Cyprus aliona lundo la mitungi chini ya bahari karibu na mji wa Kyrenia, na wataalamu wakakitoa chombo hicho katika miaka iliyofuata. Urefu wake ulikuwa kama mita 14, nacho kilizama mwanzoni mwa karne ya 3 kabla ya Miladi. Mafundi wake waliziunga kwanza mbao za ubavu, ubao kwa ubao, kwa ndimi za mti zilizotiwa katika vishimo na kupigiliwa vigingi, ndipo wakatia mataruma. Tunajua kwamba katika bahari yetu mafundi wa mtepe walishona mbao kwa kamba. Kila bahari na ufundi wake.

Ndani yake mlikuwa na mitungi karibu 400, mingi ya mvinyo kutoka kisiwa cha Rhodes, mawe ya kusagia 29, na lozi kama 10,000. Vyombo vya kulia vilikuwa vya watu wanne: vikombe vinne, vijiko vinne. Chombo kilikuwa kizee, kimefanyiwa matengenezo mara nyingi. Katika mabaki yake zilipatikana pia ncha za mikuki, na wako wataalamu wanaodhani kwamba kilivamiwa na maharamia.

Watu wanne, ubao mkongwe, na mali ya watu waliobaki pwani wakingoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa biashara ya bahari. Tajiri aliyetoa fedha zake hakuweza kuziona tena mpaka chombo kirudi, na baina yake na fedha zake palikuwa na dhoruba, haramia, na moyo wa mwanadamu aliyezichukua.

Mkopo wa bahari

Wayunani walilitatua jambo hilo kwa mkopo wa bahari. Umetufikia mkataba mmoja ulioandikwa Athens katika karne ya 4 kabla ya Miladi. Watu wawili waliwakopesha wafanyabiashara wawili wa mji wa Phaselis drakma 3,000. Ili upate kukadiria, katika karne iliyotangulia drakma moja ilikuwa karibu na ujira wa fundi kwa siku. Wafanyabiashara hao waliahidi kununua mitungi 3,000 ya mvinyo katika mji wa Mende, kuipeleka Bahari Nyeusi, na kurudi Athens na shehena nyingine. Riba iliandikwa kuwa drakma 225 kwa kila 1,000. Wakichelewa kutoka Bahari Nyeusi mpaka ichomoze nyota ya Arcturus, yaani katikati ya Septemba, riba ipande mpaka 300 kwa kila 1,000, kwa kuwa bahari huwa imeanza kuharibika. Walipe katika siku 20 baada ya kufika. Na chombo kikizama, wasilipe kitu.

Tuwe waadilifu, ndugu msomaji. Mkopeshaji huyu hakuwa sawa na yule anayekaa kitako akimnyonya maskini, kwani alikubali kupoteza rasilimali yake yote bahari ikiichukua. Mkataba uliandikwa na mashahidi wakatajwa majina. Athens iliweka pia mahakama makhsusi kwa kesi za wafanyabiashara wa bahari, ambamo mgeni aliweza kusimama kama mwenyeji, maadamu ana mkataba wa maandishi. Sisi ambao Kurani Tukufu imetuamrisha kuandika deni na kushuhudisha, na bado tunakopeshana kwa maneno matupu kisha tukagombana, hatuna haki ya kuwacheka.

Lakini tazama ufa ulio ndani ya mkataba ule. Faida ya mkopeshaji imekwisha kupangwa, mkopaji apate asipate. Mkopaji naye anajua kwamba chombo kikifika salama ana deni kubwa, na kikizama hana deni. Basi yuko mtu ndani ya chombo ambaye, akiwa na moyo mbaya, anaweza kutamani kizame.

Hila ya Hegestratos

Mtu huyo alitokea. Habari zake zimo katika hotuba ya kesi moja ya Athens iliyohifadhiwa pamoja na hotuba za Demosthenes, na ni maelezo ya upande mmoja wa kesi, lakini yanastahili kusikilizwa.

Hegestratos alikuwa mwenye chombo, mtu wa Massalia, ndiyo Marseille ya Ufaransa. Alikuwa na mwenzake aliyeitwa Zenothemis. Chombo kilipokuwa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, ngano ya tajiri mwingine ilipakiwa ipelekwe Athens. Wawili hao wakakopa fedha mjini, kila mmoja akimshuhudia mwenzake kwamba ana mali nyingi chomboni. Fedha walizozipata hawakununulia kitu. Walizipeleka kwao Massalia. Iliyobaki ilikuwa kuhakikisha tu kwamba chombo hakifiki.

Wakang'oa nanga. Walipokuwa mwendo wa siku mbili au tatu kutoka nchi kavu, usiku, Hegestratos aliteremka ngamani na kuanza kutoboa sehemu ya chini ya chombo. Zenothemis alibaki juu na abiria wengine, kama mtu asiyejua lolote. Lakini sauti ya mti unaokatwa ilisikika. Watu wakashuka, wakamkuta. Hegestratos akakimbia, akajitupa ili aangukie mashua. Katika giza lile akaikosa, akazama.

Angalia mambo ya Mwenyezi Mungu. Maji aliyokuwa akiwafungulia wenzake mlango ndiyo yaliyomchukua yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Zenothemis hakukoma. Akawashawishi mabaharia wakiache chombo, akisema hakuna matumaini. Hapo akasimama mtu aliyesafiri kwa niaba ya wenye ngano, akawaahidi mabaharia zawadi kubwa wakikifikisha. Wakajitahidi, wakafika kisiwa cha Cephallenia. Zenothemis akataka chombo kielekee Massalia. Wakubwa wa kisiwa wakaamua kirudi Athens kilikotoka. Na kilipofika Athens, mtu huyo huyo alisimama mbele ya mahakama akidai kwamba ngano ile ni rehani yake!

Kisa hiki kinatufunza kwamba mkataba unaompa mtu faida katika maangamizi ya wenzake ni mkataba wenye maradhi, hata kama umeandikwa vizuri na kushuhudiwa. Katika sheria ya Kiislamu mwenye mali na mwenye kazi hushirikiana kwa njia ya mudharaba: wakipata faida, wanaigawana kwa sehemu waliyokubaliana, ikitokea hasara isiyo ya uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Hapo wote wawili wanaomba jambo moja, kwamba chombo kifike. Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alisafiri na mali ya Bibi Khadija (R.A.) kwenda Sham, na uaminifu wake katika safari ile unajulikana kwa kila mtoto wa chuoni. Ni kweli kwamba mwenye hiana anaweza kuiba hata katika mudharaba. Hakuna karatasi inayoweza kuziba nafasi ya amana. Lakini ni afadhali mkataba unaomsaidia mtu kuwa mwema kuliko ule unaomnong'oneza usiku ateremke ngamani.

Warumi waliirithi mikopo hiyo ya bahari, wakaiacha bila mpaka wa riba kwa muda mrefu, hata mfalme Justinian alipoiwekea mpaka wa asilimia 12 mwaka wa 528 Miladi. Ilifika hata katika bahari yetu. Katika karne ya 1 Miladi mfanyabiashara mmoja wa Misri, mwenye kuandika Kiyunani, aliandika kitabu cha mwongozo kinachoeleza bandari za pwani ya Afrika mpaka Rhapta, pembe za ndovu zilizonunuliwa huko, na vyombo vilivyoshonwa. Na umepatikana mkataba wa mkopo wa karne ya 2 Miladi uliohusu safari ya Muziris, katika pwani ya Malabar nchini India, na merikebu iliyoitwa Hermapollon iliyobeba pembe na manukato.

Sheria ya Rhodes

Sasa turudi kwa yule mtu ambaye shehena yake ilitupwa. Jibu lake lilitoka kisiwa cha Rhodes.

Rhodes iko mahali ambapo njia ya Misri, ya Sham na ya Uyunani hukutana, na watu wake walisifika kwa ubaharia. Warumi, waliokuwa na sheria zao nyingi, walikubali kuichukua kanuni hii moja na kuiita kwa jina la kisiwa hicho. Imo katika mkusanyo mkubwa wa sheria uliotolewa na Justinian mwaka wa 533 Miladi, na maelezo yake mengi yametoka kwa Paulus, mwanasheria wa Kirumi aliyeishi karibu na mwaka wa 200 Miladi. Maana yake ni hii: mali ikitupwa ili chombo kipate wepesi, hasara ya mali iliyotolewa kwa ajili ya wote italipwa kwa mchango wa wote.

Wenye sheria hawakuishia hapo. Waliuliza maswali ambayo kila mtu mwenye kujitetea angeyauliza, wakayajibu moja moja.

Mwenye chombo naye achange? Ndiyo, maana chombo chake kimesalimika. Na abiria mwenye vito na lulu, ambaye atasema kwamba mali yake haikukilemea chombo? Naye achange, kwa sababu haitazamwi mali ilikuwa na uzito gani. Linalotazamwa ni nani amesalimika kwa kutupwa kwa mali ya mwenziwe. Chakula kilichochukuliwa kwa kuliwa safarini hakichangiwi, kwani kikipungua watu wote hula pamoja. Na roho za watu huru? Hizo hazitiwi katika hesabu, kwa kuwa mtu huru hana bei. Maskini, hawakufikisha haki hiyo kwa watumwa.

Vipi mlingoti ukikatwa kwa makusudi ili chombo kiokoke? Hasara ni ya wote. Lakini mlingoti ukivunjika wenyewe kwa upepo, hasara ni ya mwenye chombo, kama fundi ambaye nyundo yake imevunjika kazini. Maharamia wakikiteka chombo na wasafiri wakatoa fidia ya kukikomboa, wote wanachanga. Haramia akimnyang'anya mtu mmoja mzigo wake, hiyo ni hasara ya aliyenyang'anywa. Na nahodha alikuwa na haki ya kuzuia mizigo iliyosalimika mpaka wenyewe watoe fungu lao.

Zingatia tofauti hizo. Sheria haikusema kwamba kila mwenye kupata msiba alipwe. Ilisema kwamba mtu aliyetolewa mali yake kwa makusudi ili wengine wapone, hao waliopona wana deni kwake. Si sadaka wanayompa, wala si hisani. Ni deni.

Mlinzi alipovunjwa

Rhodes haikuandika kanuni tu. Merikebu zake za vita zilizokuwa nyepesi na zenye mwendo ziliwinda maharamia, na ushuru wa bandari yake ulifika drakma milioni moja kwa mwaka. Kisha Warumi wakaikasirikia kwa mambo ya siasa. Karibu na mwaka wa 166 kabla ya Miladi wakakifanya kisiwa kidogo cha Delos kuwa bandari isiyotozwa ushuru. Biashara ikahamia huko, na mapato ya Rhodes, kwa maelezo ya mwanahistoria Polybius, yakaanguka mpaka 150,000.

Mji usio na mapato hauwezi kulipa wapiga makasia. Ulinzi ukapungua, na maharamia wakaongezeka. Delos nayo ikawa soko kubwa la watumwa. Strabo, mwanajiografia wa zamani, anasema kwamba iliweza kupokea na kupeleka watumwa 10,000 kwa siku moja. Haramia aliwateka watu baharini, na tajiri wa Kirumi akawanunua sokoni bila kuuliza wametoka wapi. Sisi wa pwani tunaijua aibu ya biashara hiyo. Haifai kuisoma kama habari ya watu wa mbali.

Mwisho moto ukaingia nyumba ya aliyeuwasha. Maharamia walimteka hata Julius Caesar alipokuwa kijana, asiachiwe ila kwa fidia. Njia za ngano zikazibwa, Roma ikaogopa njaa. Mwaka wa 67 kabla ya Miladi ikabidi Pompey apewe merikebu na askari wengi mno ili aisafishe bahari, akaimaliza kazi katika miezi mitatu. Warumi walimvunja mlinzi mwaminifu kwa hasira, wakaja kulipa gharama ya ulinzi mara nyingi zaidi.

Waislamu katika bahari hiyo

Waislamu waliingia katika bahari hiyo mapema. Mwaka wa 28 Hijria, yaani 649 Miladi, katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (R.A.), Muawiya aliongoza merikebu kwenda Cyprus. Miongoni mwa waliosafiri alikuwemo Ummu Haram bint Milhan (R.A.), ambaye Mtume (S.A.W.) alimbashiria kuwa pamoja na watu wa mwanzo wa umma wake watakaopanda bahari. Alifariki huko baada ya kuanguka kutoka juu ya mnyama aliyempanda, na kaburi linalonasibishwa naye liko karibu na Larnaca mpaka leo.

Baada ya askari wakaja wafanyabiashara, na baada ya wafanyabiashara maswali yakaletwa kwa mafakihi. Umehifadhiwa mkusanyo wa Kimaliki wa karne ya 10 Miladi uitwao Akriyat al-Sufun, yaani ukodishaji wa vyombo vya baharini. Humo zimo fatwa kuhusu ujira wa chombo kilichoharibika njiani, mabaharia, na shehena iliyotupwa kwa hofu ya kuzama: nani achange, na mali ithaminiwe kwa bei ipi. Riba mafakihi hawakuikubali. Lakini haki hii ya kuchangia hasara hawakuidharau kwa sababu iliwahi kusemwa na asiyekuwa Mwislamu. Waliipima kwa mizani ya dini yao, wakaitolea hukumu zao.

Chombo ni kimoja

Ndugu msomaji, huenda ukasema kwamba wewe huna jahazi wala shehena. Lakini tazama ndani ya nyumba yako.

Mama alipofariki, binti mkubwa aliacha shule ili awalee wadogo zake. Wadogo wakasoma, mmoja akawa mwalimu, mwingine karani wa bandarini. Yeye sasa amekuwa mtu mzima, hana cheti, hana kazi, naye husemwa kwamba hakuwa na bahati ya masomo. Bahati? Masomo yake ndiyo mzigo uliotupwa ili chombo kielee. Au kaka aliyeuza shamba lake la minazi ili baba atibiwe. Baba akapona, na wote wakamfurahia baba. Ilipofika siku ya kugawana gharama, kila mmoja akakumbuka shida zake mwenyewe. Au kijana aliyekaa na wazee kijijini wenzake walipokwenda mjini na ng'ambo kutafuta maisha.

Watu hawa mlingoti wao haukuvunjwa na upepo. Ulikatwa, na sote tulikuwepo ukikatwa, na wengine wetu ndio tulioshika shoka. Basi tusiwatupie fulana siku ya Idi tukadhani tumewafanyia hisani. Tukae chini, tuhesabu tulichosalimika nacho, kila mmoja kwa kadiri yake, na mwenye lulu ndogo mfukoni asijifiche nyuma ya mwenye magunia. Tuwalipe kwa mali kama tuna mali, kwa kuwasomeshea watoto wao, kwa kuwaweka mbele katika shauri la ukoo, na kwa kutamka mbele ya watu kwamba hawa ndio waliotufikisha bandarini.

Na yule anayetaka kuteremka ngamani usiku ili atoboe, akidhani mashua inamngoja, amkumbuke Hegestratos. Giza la bahari ni kubwa, na mashua ni ndogo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kutimiza amana na kulipa madeni, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa. Amin.